Bonds tulimrushia bomba la sindano, Tatis tukamsimamia na makofi: uwanja ule ule, mashabiki wale wale

MLETA UZI (San Diego)

Habari zenu wanajamvi. Uzi huu ni wa besiboli na dawa za kuongeza nguvu, na ni mrefu, kwa hiyo mwenye nafasi akae, asiye na nafasi auwekee alama arudi usiku. Najua wengi humu mchezo huu mmeuona kwenye filamu tu. Lakini yeyote aliyewahi kuitetea Simba au Yanga kwa kosa ambalo mtani wake angelifanya angelizungumzia wiki nzima, atanielewa.

Niko San Diego tangu 1995. Nilitoka Tanga nikiwa kijana wa Coastal Union, sijui besiboli wala sitaki kuijua. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuosha vyombo jikoni hotelini, na wapishi karibu wote walikuwa Wameksiko. Juu ya friji kulikuwa na redio moja yenye mafuta ya kukaangia hadi kwenye vitufe, na kila jioni ilikuwa Padres, timu ya hapa San Diego, kwa Kihispania. Wao ndio walionifundisha. Mrushaji anarusha, mpigaji anaupiga mpira kwa rungu la mbao, na ukivuka ukuta wa uwanja ukiwa hewani hiyo ni homurani. Jikoni kwetu homurani ilimaanisha sufuria zinagongwa kwa miiko.

Mwaka 1996 tulikuwa na Ken Caminiti. Agosti mwaka ule Padres walikwenda kucheza Monterrey, Meksiko, mechi za kwanza za msimu wa ligi kuchezwa nje ya Marekani na Kanada, na jikoni hakukukalika. Tarehe 18 Caminiti aliamka tumbo limemharibikia, hana maji mwilini. Akalazwa sakafuni kwenye ofisi ya kocha akatundikiwa dripu, akala chokoleti ya Snickers, akainuka, akaenda kupiga homurani mbili. Bega lake la kushoto lilikuwa limechanika msimu mzima. Alimaliza na homurani 40, akachaguliwa mchezaji bora wa ligi yake kwa kura zote. Mpishi mkuu wetu, mtu wa Monterrey, alikuwa na picha yake ubavuni mwa jokofu, kando ya Bikira Maria.

Mwaka 2002 Caminiti akaliambia jarida la Sports Illustrated kwamba msimu ule alikuwa akitumia steroidi, dawa za kujenga misuli, na alianza kuzinunua Tijuana, mpakani tu hapo, kwa sababu ya bega. Oktoba 2004 akafa New York kwa dawa za kulevya. Miaka 41.

Kuna mtu alimzomea? Hapa kwetu sikumsikia hata mmoja. Mpishi mkuu alilia. Picha haikutoka pale jokofuni. Mwaka 2016 klabu ikamwingiza kwenye jumba lake la mashujaa, na mimi nilifurahi. Tulisema alikuwa na maumivu, alikuwa mgonjwa, alijitoa kwa ajili ya timu. Na alisema ukweli kwa mdomo wake mwenyewe. Yote ni kweli. Shikeni hapo.

Sasa tarehe 3 Aprili 2006. Siku ya ufunguzi, uwanjani kwetu Petco Park, Giants wa San Francisco wamekuja na Barry Bonds. Kama humjui: Bonds ndiye aliyepiga homurani 73 mwaka 2001, rekodi ya msimu mmoja mpaka leo. Mwaka 2003 maafisa wa serikali walivamia maabara ndogo ya Burlingame iitwayo BALCO, iliyokuwa ikiwapa wanamichezo steroidi, na jina la Bonds likaingia humo kupitia mkufunzi wake. Yeye alisema kama alipaka au kulamba kitu, hakujua ni steroidi. Mwezi mmoja kabla ya siku ile magazeti yalikuwa yamejaa habari zake, na siku nne tu kabla kamishna wa ligi, Bud Selig, alikuwa amemteua Seneta mstaafu George Mitchell kuchunguza mchezo mzima.

Nilikuwa uwanjani. Kila Bonds aliposhika rungu, uwanja mzima ulizomea. Mabango ya kinyota kila upande, ile alama ya kwamba rekodi yako ina doa. Halafu mtu akarusha bomba la sindano, kubwa, halina sindano mbele, likaanguka kwenye nyasi karibu na aliposimama. Bonds akainama, akaliokota, akalitoa nje ya uwanja. Hakusema neno.

Na mimi nilishangilia. Nataka niliandike hivyo hivyo. Nilisimama na bia mkononi nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Pembeni yangu kulikuwa na mzee mweusi, mkubwa kuniliko, amevaa kofia ya Padres kama mimi, naye hakusimama. Alinitazama mara moja tu, akarudisha macho uwanjani. Yule mzee nimemkumbuka mara nyingi kuliko homurani yoyote niliyoiona pale.

Mwaka uliofuata, tarehe 4 Agosti 2007, Bonds akafikisha homurani 755 hapa hapa kwetu na kumfikia Hank Aaron, ambaye alikuwa ameishika rekodi ya homurani za maisha yote ya mchezaji tangu 1974. Aaron alipokuwa akiikaribia rekodi ya Babe Ruth alitumiwa barua za vitisho kwa sababu ya rangi yake, akaendelea kucheza. Kwa hiyo watu walikuwa na uchungu wa haki. Selig alisimama jukwaani mikono mfukoni. Uwanja uligawanyika, wengine makofi, wengine miluzi. Lakini mrushaji wetu aliyepigwa mpira ule, Clay Hensley, mwenyewe alikuwa ameshafungiwa kwa steroidi mwaka 2005 akiwa ligi za chini. Mpigaji anazomewa kwa dawa, mrushaji aliyekwisha kutumikia adhabu ya dawa anapigiwa makofi ya kumtia moyo. Sikumsikia mtu akilitaja jambo hilo jukwaani. Mimi mwenyewe sikulitaja.

Siku tatu baadaye, San Francisco, akapiga ya 756. Kule walilia kwa furaha. Mpira ule ukanunuliwa na mbunifu wa mavazi Marc Ecko kwa dola 752,467, akawauliza watu mtandaoni aufanye nini. Kura zikapita milioni 10. Asilimia 47 wakasema ugongwe muhuri wa kinyota upelekwe Cooperstown, kwenye Jumba la Mashujaa wa besiboli. Ukagongwa, ukapelekwa.

Tuje kwa Tatis. Mwanangu alizaliwa 2009, na Fernando Tatis Jr. kwake ni kama Mogella alivyokuwa kwa rafiki zangu wa Simba. Homurani 42 mwaka 2021, mkataba wa miaka 14 wa dola milioni 340, anacheza kama mtu anayecheka. Agosti 12, 2022, ligi ikamfungia mechi 80. Walikuta klostebo, steroidi. Akasema ni dawa aliyotumia kutibu choa.

Mwanangu alivua jezi namba 23, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akausukuma chini ya kitanda. Miaka 13. Mimi nilikaa sebuleni nikitafuta maneno ya kumtetea Tatis mbele ya mtoto ambaye hakuniomba nimtetee. Klabu yenyewe ilifuta siku ya kugawa vinyago vyake, ikagawa fulana za mwenzake, Juan Soto.

Basi Mei 2023 akarudi Petco. Tulikuwa kwenye kilima cha nyasi nyuma ya uwanja, wanapokaa wenye watoto na wenye mfuko mwepesi. Jina lake liliposomwa watu wakasimama. Mwanangu jezi ameivaa, mikunjo ya mfuko bado inaonekana mgongoni. Nami nikasimama. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Usiku ule kwenye gari akaniuliza, "Baba, Bonds alipokuja ulifanyaje?"

Ndiyo sababu ya uzi huu. Nimetafuta tofauti ya haki kati ya Bonds na Tatis na sijaipata. Ukisema sheria, basi Tatis ndiye aliyekutwa na dawa kwenye kipimo cha ligi. Bonds alishitakiwa mahakamani, akatiwa hatiani 2011 kwa kuzuia haki kutendeka, na hukumu ikafutwa 2015. Ukisema kukiri, Tatis alianza na choa. Ukisema alitumikia adhabu, sawa, lakini makofi yetu hayakuwa ya kusema umelipa deni. Yalikuwa ya kusema umerudi, tufungie magoli. Tofauti ninayoiona ni rangi ya jezi.

Na sisi si peke yetu. Ryan Braun wa Milwaukee alikutwa na dawa 2011, akashinda rufaa 2012 kwa sababu ya namna sampuli ilivyohifadhiwa, akafungiwa mechi 65 mwaka 2013. Aliporudi 2014 Milwaukee walimsimamia. Wiki hiyo hiyo hivi Philadelphia wakamzomea kila alipotokea, akawapiga homurani tatu. Mtu mmoja, kosa moja, mji umebadilika tu.

Karibuni. Mnaoishi huku na mlioko nyumbani, semeni.

MDAU (St. Louis)

Mkuu umenigusa. Mimi ni Mkenya, nimekuja hapa 1997 na msimu wangu wa kwanza kuufuata ulikuwa 1998. Kaka, acha tu. Miaka minne kabla wachezaji walikuwa wamegoma mpaka fainali ya 1994 haikuchezwa, watu wamenuna, viwanja vina nafasi. Halafu Mark McGwire wetu na Sammy Sosa wa Chicago wakaanza kufukuzana. Rekodi ilikuwa 61, ya Roger Maris, tangu 1961. Septemba 8 McGwire akapiga ya 62, na ndiyo iliyokuwa fupi kuliko zote alizopiga msimu ule, iliparaza tu juu ya ukuta. Akamnyanyua mwanawe, akaenda kuwakumbatia watoto wa Maris jukwaani. Sosa alikuwa uwanjani upande wa pili, akaja kumkumbatia. Mwisho 70 kwa 66.

Ninachotaka kuongeza: tulijua. Agosti ile ile mwandishi aliona chupa ya androstenediyoni, vidonge vya kujenga misuli, kwenye kabati la McGwire na akaandika. Ilikuwa inauzwa dukani kihalali na besiboli haikuikataza, ingawa Olimpiki ilishaipiga marufuku. Na tulimkasirikia nani? Mwandishi. Watu walisema anachungulia makabati ya watu.

Halafu jimbo likaipa jina lake barabara kuu inayopita mjini. Mwaka 2005 akaitwa bungeni, akasema hakuja kuzungumzia mambo ya zamani. Januari 2010 akakiri. Mwaka huo huo barabara ikabadilishwa jina ikawa ya mwandishi Mark Twain, na mwaka huo huo siku ya ufunguzi alipotambulishwa kama kocha wa wapigaji tukampigia makofi. Yote mawili yalitokea mji mmoja, na nilikuwa miongoni mwa waliopiga makofi.

MDAU (Dar)

Samahani wakuu, mimi besiboli ni mgeni. Swali la mtu asiyejua: dawa inakusaidiaje kugonga mpira? Si lazima uwe na jicho? Mtu akimeza steroidi leo kesho atapiga homurani?

MLETA UZI

Swali zuri sana ndugu yangu, na ndilo ngao ya kila shabiki anayemtetea mtu wake.

Hapigi. Kutoka kwa mrushaji hadi kwa mpigaji ni mita 18 na kitu, na mpira wa kasi unafika kwa takribani sehemu nne za kumi za sekunde. Hakuna sindano ya kukupa jicho la kuuona. Lakini chukua mtu ambaye jicho tayari analo. Ligi ni mechi 162 ndani ya miezi sita, karibu kila siku. Kufikia Agosti mwili umechoka, rungu linachelewa. Steroidi zinafanya misuli ipone haraka, unafanya mazoezi mazito leo na kesho unaweza tena. Rungu likiongezeka kasi kidogo tu, ule mpira uliokuwa unadakwa hatua mbili kabla ya ukuta unavuka. Mpira wa kudakwa ni kazi bure, uliovuka ni bao. Kwa mwaka mzima hiyo ni mipira kumi, kumi na tano. Hiyo ndiyo tofauti ya mtu wa kawaida na mtu wa mamilioni.

Na kwa aliyekuwa bora kuliko wote hata kabla ya hapo, kama Bonds, aliyekwisha kuwa mchezaji bora wa ligi yake mara tatu katika miaka ya tisini, ndiyo hayo mliyoyaona 2001.

MDAU (Dar)

Nimekupata mkuu. Shukrani. Naendelea kusoma.

MDAU (Boston)

Wanajamvi, dada yenu wa Bujumbura nawasalimu kutoka Boston. Mimi nitawaambia upande wangu bila kujificha. David Ortiz, mpigaji wetu wa Red Sox. Mwaka 2009 gazeti la New York Times liliandika kwamba jina lake limo kwenye orodha ya waliokutwa na kitu katika vipimo vya 2003, vile vya majaribio vilivyotakiwa kubaki siri. Yeye alikana kutumia steroidi, na baadaye kamishna Rob Manfred alisema matokeo yale yalikuwa na utata. Mwaka 2022, mara yake ya kwanza kupigiwa kura, akaingia Jumba la Mashujaa kwa asilimia 77.9. Siku ile ile Bonds alipata 66, na Roger Clemens, mrushaji aliyetuhumiwa dawa kama yeye, 65.2, na ulikuwa mwaka wao wa kumi na wa mwisho. Inatakiwa 75.

Nilifurahi? Nilipiga vigelegele kwenye basi. Baada ya mabomu ya marathoni 2013 Ortiz ndiye aliyeshika kipaza sauti Fenway, uwanja wetu, akatuambia huu ni mji wetu. Mimi nilikuwa nimejifungia ndani siku nne na mtoto mchanga. Mtu akishakufanyia hivyo huwezi kumpima kwa mizani ya maabara.

Lakini Agosti 2013 hiyo hiyo Alex Rodriguez wa Yankees alikuja Fenway akiwa anakata rufaa ya kufungiwa mechi 211 kwa dawa. Mrushaji wetu Ryan Dempster akampiga na mpira mwilini, na uwanja ukashangilia mtu kupigwa. Baadaye Rodriguez akampiga Dempster homurani. Nikikumbuka zile kelele sijisikii vizuri. Kuzomea ni haki ya aliyelipa kiingilio. Kushangilia mtu akiumizwa, hapana.

MDAU (Oakland)

Mimi nawapinga wote. Waachieni Bonds. Ligi iliandika waraka wa kukataza steroidi 1991 na haikumpima mtu mpaka 2003. Miaka kumi na mbili! Wenye timu walihesabu fedha, televisheni ilihesabu fedha. Aliyekuwa akiongoza ligi tangu 1992, Bud Selig, alichaguliwa kuingia Jumba la Mashujaa Desemba 2016. Msimamizi ndani, wachezaji nje. Mnataka kinyota? Kiwekeni kwenye sanamu lake kwanza.

Na watu wa San Diego msituambie habari za Bonds. Mlijaza uwanja kila alipokuja. Mlinunua tiketi ili mje kumzomea.

MLETA UZI

Ndugu wa Oakland, kuhusu Selig sina la kukupinga, hata nukta. Mchezaji alibeba lawama ya nyumba nzima. Na kweli tulinunua tiketi.

Lakini hoja ya "ligi haikupima" ina mtu inayemsahau. Fred McGriff. Alicheza hapa kwetu pia, 1991 hadi 1993. Homurani 493 kwa miaka 19, na hakuna aliyewahi kumhusisha na dawa. Alipoanza, homurani 35 zilikuwa zinakufanya mfalme, na kweli aliongoza ligi zote mbili kuu za Marekani kwa idadi ya namna hiyo. Ghafla watu wakaanza kupiga 60, 65, 70. McGriff akaonekana mtu wa kawaida. Aliomba kura miaka kumi Cooperstown, wa mwisho alipata asilimia 39.8. Mpaka Desemba 2022 kamati ndogo ya watu 16 ikamchagua wote kwa pamoja, na kamati hiyo hiyo, siku hiyo hiyo, Bonds na Clemens hawakufikisha kura nne.

Huyo angalau alifika. Wako ambao walibaki ligi za chini, wanapanda basi la usiku kutoka mji mdogo hadi mji mdogo, kwa sababu nafasi moja iliyokuwepo ilichukuliwa na aliyejidunga. Hao hawana wa kuwapigia makofi wala wa kuwazomea, maana hatukuwahi kuwaona. Kila nikimtetea Tatis nawakanyaga wao, na kila nikimzomea Bonds siwasaidii kitu. Hilo ndilo linaloninyima raha.

MDAU (Eldoret)

Mwalimu wa riadha mstaafu hapa. Nimesoma uzi wote hadi chai ikapoa. Sisi pufya, yaani dawa hizi, tunaijua kwa majina ya watu tunaosali nao. Ruth Chepngetich alikimbia Chicago Oktoba 2024 kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 56, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya saa mbili na dakika kumi. Siku ile hapa boda boda ziliwasha taa mchana. Machi 2025 akapimwa, wakakuta HCTZ, dawa ya kukojoza iliyopigwa marufuku kwa wanamichezo, na Oktoba akafungiwa miaka mitatu. Rekodi ya Chicago ikabaki kwa sababu ni ya kabla ya kipimo kile.

Mwandishi mmoja wa kigeni alipouliza mapema kuhusu rekodi ile, tulimtukana sana. Hata mimi nilisema ni wivu. Kwa hiyo ndugu wa St. Louis, chupa yenu ya kabatini nimeielewa.

Tofauti moja. Ninyi mna rangi ya jezi, sisi tuna bendera. Ukiwa na bendera, anayeuliza swali anakuwa adui wa nchi. Na wale wasichana ninaowafundisha bure saa kumi na moja alfajiri, wanaokimbia kwa ugali na maziwa, sasa wakishinda nje wanatazamwa mara mbili. Mleta uzi umesema juu ya wale tusiowaona. Mimi nawaona kila asubuhi. Mmoja ameniuliza, "Mwalimu, nikikimbia vizuri sana watasema nini?"

MDAU (Chicago)

Mwalimu, nimekusoma mara mbili. Pole na kazi.

Kwa upande wa Sosa: sisi wa Cubs, timu yake, tulimfungia mlango kwa miaka kama ishirini. Desemba 2024 akatoa taarifa, akasema alifanya makosa akitafuta kupona majeraha, akaomba radhi. Januari 2025 akaja kwenye mkutano wa mashabiki, watu wakampokea kwa shangwe. Mimi nilikuwa nimemkasirikia muda wote, na nilipomwona, mtu mzima wa miaka 56 ana woga usoni, hasira ikaisha. Sikutaka ushahidi zaidi. Nilitaka aseme tu.

MDAU (Dar)

Nimemaliza. Mleta uzi, swali la mwisho. Mwanao ulimjibu nini kwenye gari?

MLETA UZI

Nilimwambia ukweli. Kwamba nilishangilia bomba la sindano, na kwamba kulikuwa na mzee pembeni yangu ambaye hakusimama. Akakaa kimya mpaka nyumbani.

Sasa ana miaka 16, anacheza timu ya shule, kilo 68 amelowa. Majira ya joto yaliyopita kijana wa timu nyingine alirudi kutoka likizo akiwa na shingo ya mtu mzima, na wote wakawa wanaulizana alikula nini. Jioni mwanangu alikuwa anafungua viatu mlangoni, udongo mwekundu umejaa kwenye meno ya soli. Akaniuliza bila kuinua kichwa, "Baba, ningekuwa mimi ndiye nimekutwa, siku ya kurudi ungesimama?"

Nikamwambia ningesimama, kwa sababu wewe ni mwanangu.

Akagonga viatu pamoja, udongo ukaanguka kwenye mkeka. Kisha akanitajia jina la mwenzake anayecheza namba yake, yule anayekaa benchi msimu wote na kubeba mifuko ya mipira. "Na yeye?" akasema. "Baba yake naye angekuwepo pale."